Barua Zilizo Chini ya Barua ya Kwanza

Kompyuta ya masjala ilinuka udongo uliolowa, na mvua haikuwa imenyesha kwa miezi miwili. Mama Pacha aliinama, akainusa, akacheka peke yake. Pua nayo ina vituko vyake.

Alikuwa na wiki tatu tu katika ofisi ile ya wachora ramani za nyumba, kwenye kiti cha karani mzee aliyestaafu. Mzee alimwachia funguo, kikombe chenye ufa na onyo moja.

"Mwanangu, ukitaka barua pepe, andika jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia. Ikija, isome, ufunge. Usiteremke orodha kwa kupitisha macho tu. Anayetafuta huita. Anayezurura huitwa."

"Huitwa na nani, mzee?"

Mzee alitazama mlango kwanza. "Wewe fanya nilivyokwambia," akanong'ona.

Sasa mwambie mtu asiguse, umekwisha kumwonyesha pa kugusa. Mama Pacha alikuwa na ugonjwa wa kuteremka. Kwa kuteremka alishaokota mwaliko wa harusi ya bosi, na ugomvi wa wahandisi wawili juu ya mlango wa choo, vitu ambavyo hakuna mtu angejua kuvitafuta. Mchana ule, wenzake walipokwenda kula, alishuka tena mwaka baada ya mwaka hadi barua ya kwanza kabisa ya ofisi. Akasukuma kipanya mara moja zaidi, kwa mazoea tu.

Orodha ikaendelea.

Barua hazikuwa na mtumaji. Tarehe zilikuwa za kabla ya ofisi, kisha za kabla ya kompyuta, kisha za kabla ya babu yake kuzaliwa, na ile harufu ya udongo ikazidi hadi akaionja ulimini. Angefunga hapo, yangeishia hapo. Akafungua moja.

*Umenikuta bila kunitafuta. Sasa natafuta mimi.*

Akaondoa mikono kwenye kibodi, lakini vitufe vikaendelea kubonyea vyenyewe, ta, ta, ta, polepole kama mtu anayejifunza kuandika, na ndani ya kisanduku cha kutafutia herufi zikajipanga moja moja hadi likasomeka neno *pacha*, huku yeye akichomoa waya ukutani na kioo kikikataa kuzima, ikatokea picha aliyomtumia mumewe asubuhi, binti zake wawili wa miaka minne katika magauni ya manjano yanayofanana, na mshale ukatua juu ya uso wa yule wa kushoto, ukasita, ukahamia kwa wa kulia, ukarudi kushoto, ukabonyeza.

Kioo kikazima.

Mpokea wageni alikuwa akirudi kutoka kula. "Mama Mtoto, vipi? Umeona nini?"

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Akaishika simu kwa mikono miwili, akampigia mama yake, anayeshinda na watoto nyumbani.

"Mama, watoto hawajambo?"

"Mtoto hajambo, amelala. Mbona unahema hivyo?"

"Na mwenzake?"

"Mwenzake yupi, mwanangu?"