Mikono Thelathini ya Kushoto

Kila Jumamosi mchana Chiriku alimpelekea mama yake chakula kwenye karakana ya sare za shule. Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Mama yake alikuwa mkata vitambaa, tena aliyeipenda kazi yake. Lakini mwezi huu hakupumzika hata Jumapili. Kila mara msimamizi alipouliza nani atabaki zamu ya ziada, yeye ndiye aliyenyoosha mkono.

Siku hiyo Chiriku alikuta cherehani zote zimenyamaza. Msimamizi, mama wa makamo mwenye futi ya kupimia shingoni, alikuwa ameshika rundo la mikono ya mashati.

"Mikono thelathini, yote ya kushoto! Hukugeuza karatasi ya kukatia hata mara moja? Hao wanafunzi hawana mkono wa kulia?"

Mshonaji mmoja aliangua kicheko. Mama machozi yalimlengalenga.

"Dada, bora niache. Kazi imenishinda."

Chiriku alishtuka. Aliweka chakula chini.

"Shikamoo, shangazi. Kazi haijamshinda, amechoka tu. Jana alisinzia na kijiko mkononi. Mdogo wangu akimwona asubuhi anamkaribisha kama mgeni!"

"We mtoto!" mama alifoka.

"Mwache aseme," msimamizi alisema. Kisha akamgeukia mama. "Kumbe! Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utaniona mvivu."

"Na mimi nikadhani unapenda. Kila nikiuliza, mkono juu!"

Sasa karakana nzima ilicheka, na mama naye akacheka huku akijifuta machozi.

Msimamizi alivikunja vile vipande. "Hakuna kilichoharibika. Jumatatu kata thelathini ya kulia, tutapata mashati thelathini. Zamu za ziada mtapokezana. Na kesho nisikuone hapa, kaa na wanao."

"Ahsante, dada." Mama alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

"Sikilizeni wote," msimamizi aliendelea. "Mimi sisomi mioyo ya watu. Aliyechoka aseme. Kusema umechoka si uvivu, maana mvivu hata hajui kuchoka ni nini. Mtu akikosa nafasi ya kukaa na watoto wake, hata kazi aliyoipenda ataichukia. Haya, Chiriku, mpeleke mama yako nyumbani."