Dakika Kumi za Jogoo

Kila Jumamosi Kiherehere alifuatana na mama yake kazini, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwachia. Mama alikuwa fundi katika kituo cha kupozea umeme. Kiherehere aliketi kwenye benchi la chumba cha mitambo akifanya kazi za shule, huku makabati ya chuma yakivuma taratibu. Jina hilo la Kiherehere alibandikwa na mzee wa zamu, ambaye naye aliitwa Jogoo, maana hakuna aliyewahi kumkuta amesinzia.

"Leo umekuja kutufundisha kazi?" Jogoo alimtania.

"Nimekuja kukuangalia usilale, babu."

"Kwa maswali yako hayo, nani atapata usingizi?"

Siku hiyo mama alishughulikia rilei mpya, kisanduku kinacholinda njia ya umeme. Kikihisi hitilafu, hukata umeme chenyewe. Tena kila umeme unapokatwa, hata kwa mkono wa mtu, huweka kumbukumbu ya saa. Mama alibonyeza sifuri nne, kisanduku kikakubali.

"Hiyo ndiyo namba ya siri?" Kiherehere aliuliza.

"Ni ya kiwandani. Nitaibadilisha Jumatatu, nikishavuta waya wa saa kuu."

Saa kuu ilipokea majira kutoka kwenye setilaiti na kuvigawia vifaa vyote, visipishane hata kidogo. Rilei hii ilikuwa bado haijaunganishwa nayo, hivyo mama aliitegea saa kwa mkono, kisha akaenda stoo.

Kiherehere akatazama kioo cha rilei, akatazama na saa yake ya mkononi. Hazikulingana. Maskini mama, akawaza, amechoka mpaka amekosea. Akabonyeza sifuri nne, akairekebisha saa ya rilei, akarudi kwenye benchi akiwa ameridhika. Hakukumbuka kwamba saa yake ilifuata ile ya ukutani nyumbani, ambayo mama aliisogeza mbele dakika kumi ili wasichelewe asubuhi.

Kesho yake waya wa umeme ulikatika, ukaanguka kwenye mchanga mkavu kando ya soko. Mchanga kama huo haupitishi umeme vizuri, hivyo rilei haikuhisi kitu. Mpita njia alipiga simu kituoni, na Jogoo akakata umeme hata kabla ya kuweka simu chini. Lakini muuza mboga mmoja, mama wa watoto wawili, alikuwa ameshaukanyaga. Akafariki papo hapo.

Kumbukumbu za rilei zilipofunguliwa, zilionyesha kwamba umeme ulikatwa dakika kumi baada ya simu kuingia. Mkuu wa kituo akamsimamisha Jogoo kazi, akaamuru kisanduku kisiguswe mpaka uchunguzi uishe. Hakuna aliyefikiria kuipima saa yenyewe.

Shuleni, Kiherehere aliketi dawati moja na mjukuu wa kike wa Jogoo.

"Eti, jogoo wenu siku hizi hawiki?" mvulana wa nyuma alimchokoza yule msichana. "Amelala dakika kumi, mtu amekufa."

Msichana aliinamisha kichwa juu ya dawati. "Babu hali chakula," alimnong'oneza Kiherehere. "Mwanzoni alikataa. Sasa anasema labda kweli alizubaa, labda ni uzee."

Dakika kumi. Kiherehere aliitazama saa yake ya mkononi, akaikumbuka ile ya ukutani nyumbani. Siku nzima hakusikia lolote alilofundisha mwalimu.

Jioni alimkuta mama akiosha vyombo. "Mama, ile saa ya rilei niliigusa mimi."

Mama aligeuka polepole. "Uliiweka kwa saa gani?"

Kiherehere alinyoosha mkono wake. Mama aliitazama ile saa, kisha akaitazama ya ukutani.

"Tukisema, utafukuzwa?"

"Huenda. Namba ile nilipaswa kuibadilisha kabla sijainuka pale."

"Basi tusiseme, mama."

Mama alifuta mikono. "Kuna mzee anajiona muuaji kwa kosa letu. Vaa viatu."

Mkuu wa kituo aliwasikiliza bila kuwakatiza. Walipoilinganisha rilei na saa kuu, ilikuwa mbele dakika kumi kamili. Jogoo akarudishwa kazini. Mama akaondolewa kwenye mitambo, akapelekwa stoo kuhesabu misumari. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kuvuta waya wa saa kuu na kuifuta namba ya kiwandani na kuweka nyingine inayojulikana na wahusika tu.

Kiherehere alikwenda na mama yake kumwomba Jogoo radhi. Mzee alikuwa amekonda. Safari hii hakutania.

"Sikiliza, mjukuu wangu," alisema. "Kujua kufungua kitu si ruhusa ya kukigusa. Ulitaka kusaidia, najua. Ungemwuliza mama yako kwanza, au ungemwambia siku ileile, nisingefika mahali pa kujishuku mwenyewe." Akamgeukia mama. "Na wewe, mwanangu, ulinzi ukiwekwa nusu, haujawekwa."

"Nimekuelewa, baba," mama alisema kwa sauti ya chini.

Jogoo aliinuka, akachukua fimbo yake. "Sasa twendeni kwa wale watoto."

"Watoto gani, babu?"

"Wa muuza mboga. Ukweli hautamrudisha mama yao. Lakini wasikue wakiamini kwamba mtu alisikia simu ile akapuuza. Utawaeleza wewe mwenyewe, nami nitakuwa kando yako."

Kiherehere alifuta machozi, akamshika mzee mkono, wakatoka.