Goti Lililobembeleza

Haya yalitokea nyumbani kwangu, na anayetaka kunicheka anicheke. Mume wangu ni fundi wa vigae. Kazi yake yote ni kupiga magoti: apake saruji, alaze kigae, akigonge kwa kidole asikie kama chini kuna uwazi. Alifanya hivyo miaka kumi na miwili, mpaka siku alipoteleza ngazini na boksi begani. Goti la kulia likaharibika. Daktari alisema gegedu, ule mfupa laini unaozuia mifupa kusagana, limeng'oka pamoja na kipande cha mfupa wenyewe.

Walimpandikizia kipande kingine kutoka kwa mtu aliyefariki, ambaye ndugu zake waliridhia. Niliogopa. Sista wa wodi akanivutia kiti, akanieleza taratibu kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu.

"Kinasafishwa, mdogo wangu. Hakibaki hata tone la damu."

"Basi nimepata mpangaji," mume wangu akasema kitandani. "Mwambieni hapa hatupigi kelele."

Tulicheka wote watatu. Sista akasema naweza kuwaandikia wale ndugu barua ya shukrani bila kutaja majina, hospitali itaifikisha. Nikaandika ukurasa mmoja. Nikawaambia tuna binti wa miezi mitano, na kwamba wametusaidia sana.

Wiki ya tatu baada ya kurudi nyumbani, asubuhi, nilikuwa namenya viazi. Mume wangu alikuwa kitini karibu na mlango, magongo pembeni. Mtoto akalia kwenye mkeka. Hapo goti likaanza. Likapanda na kushuka haraka mara tatu. Likatulia. Mara tatu tena.

"Acha bwana, utajiumiza."

"Si mimi," akasema.

Mwanamke yeyote aliyelea anaujua mtikisiko ule. Ni wa mama aliyechoka, mikono imeshika kazi, mtoto yuko mapajani. Mume wangu hakuwahi kumpakata mwanawe hivyo. Yeye humweka begani kama boksi la vigae.

Tukamlaza mtoto juu ya goti. Akanyamaza papo hapo.

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilifua nepi zote. Nilioga bila kukimbia. Siku ya tatu ndipo nilipoyaona macho yake. Mtoto humtazama anayempakata. Wangu hakumtazama baba yake. Alitazama chini kidogo ya kidevu chake, mahali ambapo pangekuwa na uso wa mtu mfupi zaidi, aliyekaa kwenye kiti kile kile. Alikuwa anatabasamu.

Siku ya nne akakataa titi langu. Nilimpa la kulia, nikampa la kushoto, akageuza uso kama mgeni aliyeshiba. Lakini juu ya goti midomo yake ilinyonya. Ilinyonya hewa. Nikamfuta, kidole kikatoka na maziwa. Tangu jana yake hakuwa amenigusa.

Nilimpeleka kliniki. Mizani ilisema amepungua karibu nusu kilo. Muuguzi akaifinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama.

"Mama, mtoto ananyonya?"

"Ananyonya," nikajibu. Ningemwambia nani anamnyonyesha?

Tukajaribu kumtenga na baba yake. Alilia mpaka sauti ikakatika. Na kutoka chumba cha pili nikasikia kisigino kikigonga sakafu. Mara tatu. Kimya. Mara tatu. Mume wangu alikuwa amelikandamiza goti kwa mikono yote miwili, jasho likimtoka.

Barua ya majibu ilifika siku hiyohiyo. Sista aliileta mwenyewe baada ya kutoka zamu, kwa miguu, na akakataa hata maji ili tuisome tukiwa peke yetu. Iliandikwa na mama wa marehemu.

"Binti yangu alikuwa na mtoto wa miezi mitano kama wenu. Walipata ajali pamoja. Mtoto alitangulia palepale. Mama yake aliishi siku mbili, na kila alipofumbua macho aliuliza, mwanangu yuko wapi. Hatukuweza kumwambia. Tulimwambia amelala, akiamka tutamleta amnyonyeshe. Alikufa akimsubiri."

Niliisoma kwa sauti. Goti lilikuwa linatikisika. Nilipofika kwenye neno "tutamleta", likaongeza kasi.

"Mwambie," mume wangu akanong'ona.

"Akiondoka je? Daktari alisema kipande kikifa hutapiga magoti tena."

"Vigae watalaza wengine. Mwambie, mke wangu."

Ilikuwa Jumanne, saa nane mchana, jua limejaa dirishani. Nilipiga magoti mbele ya kiti. Nikaweka kiganja juu ya kovu. Lilikuwa la moto.

"Dada," nikasema. "Hatujuani. Umenibembelezea mwanangu, nami nikapumzika. Ahsante. Lakini huyu ni wangu."

Likaacha kutikisika.

"Wako hakulala. Alitangulia. Siku ileile, dada, kabla yako. Mama yako alishindwa kukwambia. Alikuhurumia. Usimsubiri huku. Yuko mbele yako."

Kisha goti likatetemeka, taratibu, jinsi mabega ya mtu yanavyotetemeka akilia na hataki kusikika. Mume wangu alinishika mkono. Sijui ilichukua muda gani. Nilisikia joto likitoka chini ya kiganja changu, kidogo kidogo, mpaka ngozi ikawa ya baridi.

Kwenye mkeka mtoto akalia. Kilio cha njaa. Nilimrukia. Alishika titi kwa nguvu mpaka nikauma meno, nami nililia kuliko yeye.

Mume wangu alijaribu kusimama. Mguu ukakunjika, akaanguka ubavu.

Daktari aliiinua picha ya eksirei dirishani, akaitazama muda mrefu. Pale walipopandikiza palikuwa na tundu safi, duara kama kifuniko cha chupa. Aliuliza ni hospitali gani imefungua tena goti. Akatafuta kovu la pili, hakuliona. Leo mume wangu anatembelea gongo. Anafundisha vijana kukata vigae, kazi ya kusimama. Binti yetu anatambaa. Mume wangu anasema hajuti. Usiku simuulizi.

Nilimwandikia yule bibi kwamba mwanawe ameshaambiwa ukweli, nikamwomba asijilaumu. Jibu lake lilikuwa fupi, mwandiko umepinda.

"Je, kuna mtu wenu aliyefika huku? Jumanne kabla ya barua yenu kufika, saa nane mchana ikiwa imepita kidogo, nilikwenda kupalilia kaburi la mjukuu wangu. Nilikuta udongo umebonyea, kama mtu alipiga goti hapo akakaa muda mrefu. Ni goti moja tu. Nimezunguka kaburi lote. Sikuona alama ya mguu wa kuja wala wa kuondoka."