Kibao cha Tangi

Maiti zilikuwa mbili ndani ya tangi la chuma, nyuma ya kiwanda cha majani chai karibu na Kabianga. Chini alilala Nyakundi, msimamizi wa mitambo. Juu yake alilala Bosire, mpakia kuni, aliyeingia kumwokoa.

Tangi lilikuwa tupu na kavu, limefungwa tangu mwaka wa 1994 ulipoanza. Hakukuwa na jeraha wala damu. Daktari alisema walikosa hewa: chuma kikifungwa muda mrefu, kutu hula hewa yote. Inspekta Chepyegon hakumbishia, ila jambo moja lilimkereketa. Nyakundi alikuwa afisa wa meli za mizigo miaka mingi. Mtu kama huyo huingiaje kaburini kwa miguu yake mwenyewe?

"Bwana yangu hakuwa mtu wa kuingia tangi ovyo," Bilhah, mjane wake, alimwambia. "Kule melini wanapima hewa kwanza, halafu wanaweka kibao kwa mlango. Bila kibao, haingii."

Kibao kilikuwepo, kimening'inia mdomoni mwa tangi, kimeandikwa kwa chaki: HEWA IMEBIMWA. Meneja aliapa kwamba kiwandani hawana desturi hiyo. Chepyegon aliitazama ile B iliyokaa mahali pa P, roho ikamuuma. Yeye alikuwa Mkipsigis, na ndimi za Wakipsigis huchanganya P na B; shuleni alichapwa sana kwa ajili ya B kama hiyo. Basi mwandishi alikuwa mtu wa kwao aliyewahi kufanya kazi melini, na pale kiwandani alikuwa mmoja tu: Kipruto, fundi wa kuchomelea vyuma.

Kipruto hakuzungukazunguka.

"Ulipima hewa?"

"Hapana, afande."

"Mbona ukaandika?"

"Yeye ndiye alinifundisha."

Akaeleza yote. Walipokuwa melini, Nyakundi alikuwa na haraka ya kung'oa nanga. Akatundika kibao bila kupima, akamtuma Kiplangat, mdogo wake Kipruto, akakwangue kutu tangini. Kiplangat hakutoka hai. Nyakundi akaripoti kwamba kijana aliingia bila ruhusa, na mama yao akaletewa sanduku. Miaka yote Kipruto alimwita mkubwa na kula naye ugali, donda likioza kifuani. Jana asubuhi akafungua tangi, akatundika kibao, akamwambia lina ufa, aende akauangalie.

"Sikumsukuma," alisema. "Alisoma kibao, akaamini. Kiplangat pia aliamini."

Chepyegon alikaribia kumhurumia. Lakini dirishani alimwona Gesare, mke wa Bosire, ameketi kwenye nyasi na kandambili za mumewe mapajani.

"Na Bosire alikukosea nini?"

Kipruto aliinamisha kichwa.

"Alikuta nimesimama hapo. Akaniuliza kama hewa imepimwa kweli."

"Ukamjibu nini?"

"Ningesema hapana, ningejulikana."

"Nimekuuliza ulimjibu nini."

"Nilimwambia imepimwa, afande."

Chepyegon akatoa pingu. Huruma ilikuwa imemwisha.