Sidii Nyeusi za Wietske

Ukumbi wa maonyesho wa Utrecht ulikuwa umefurika wapenzi wa muziki, wengi wao wanaume wa makamo, mifuko mabegani, vidole vikichambua makasha ya santuri kama wanaochagua mchele. Wietske alikaa nyuma ya meza yake katika sweta ya rangi ya haradali, nywele amezibana kwa penseli. Kibao chake kilisema: Lete sidii yako, uchukue nakala inayolia vizuri kuliko uliyoleta.

Kijana mrefu mwenye koti la mvua la kijani alikisoma, akakirudia, akatabasamu.

"Dada, nakala inaishindaje ile iliyoizaa?"

"Ukiisikiliza ndiyo utajua."

Akamweleza. Sidii ya mteja huilaza kwenye friji, halafu huirudufu taratibu, kwenye sidii nyeusi, kwa mashine nzito aliyoachiwa na marehemu baba yake pamoja na biashara yenyewe. Sauti hutoka kama dirisha lililofutwa vumbi. Hakuwa tapeli, alikuwa anaisikia kweli.

"Kwenye friji," kijana alisema. "Karibu na jibini?"

"Juu ya jibini. Na ukizidi kunicheka nitakulaza hapo hapo."

Aliitwa Harmen, fundi wa vifaa vya wasiosikia vizuri kule Amersfoort. Alirudi na kahawa mbili, na meza zilipoanza kukunjwa bado alikuwa pale. Tangu hapo akawa anapiga simu kila mchana kuuliza kama sidii zimepata mafua, na Wietske akimwita bwana masikio, huku moyo wake ukimsubiri tangu asubuhi.

Siku moja Harmen akamwomba aende kwenye chama chao cha wasikilizaji. Mashine ingefunikwa kitambaa, mtu abadilishe sidii kwa nyuma, naye aseme ipi ni ipi. Akishinda, Harmen angekula maneno yake yote. Wietske alikubali kwa furaha. Akavaa gauni la bluu.

Chumba kilikuwa juu ya duka la baiskeli, viti vikielekea spika mbili ndefu. Mzee Lubbert, mkongwe wa chama, ndiye aliyekaa nyuma ya kitambaa. Kila muziki ulipobadilishwa Wietske alijibu bila kusita: hii ya dukani, hii nyeusi, hii nyeusi tena. Mwishowe Lubbert akafunua. Sidii nyeusi ilikuwa bado kwenye kasha lake. Ile ya dukani ndiyo iliyopigwa tangu mwanzo.

"Bibie," Lubbert alisema, "friji yako inasikika mpaka huku."

Wanaume wakacheka. Wietske akamtazama Harmen, na Harmen hakusema neno. Basi akachukua koti lake, akateremka ngazi.

Simu ililia wiki nzima, hakupokea. Lakini swali lilimkera kuliko aibu. Akafunika mashine kwa taulo, akamwomba mama yake abadilishe sidii, kwa haki safari hii. Alibahatisha, akakosa, akabahatisha, akakosa.

"Mimi sikuwahi kusikia tofauti," mama yake alimwambia taratibu. "Niliwaona tu wewe na baba yako mnafurahi."

Wietske alilia kidogo. Kisha akawapigia wateja wake mmoja mmoja, akawaambia ukweli. Mwisho akampigia Harmen. Huyu akaapa kwamba hila ile ilikuwa ya Lubbert peke yake, kwamba hakuijua.

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Niliona uso wako, nikakosa la kusema. Nisamehe, kipenzi."

"Jumamosi nakuja chamani. Safari hii wewe ndiye utakayekaa kusikiliza, mimi nyuma ya kitambaa."

Alikwenda na waya wa taa ya mama yake. Nyaya za spika za Harmen zilikuwa nene kama kidole gumba, fahari yake, aliapa kwamba zinasafisha sauti, na wenzake wote walizijua. Wietske akaingia nyuma ya kitambaa, akaunganisha hizi, kisha ule wa taa, kwa zamu, bila hila. Harmen alisikiliza macho yamefumbwa, jasho likimtoka. Lubbert akamnong'oneza aseme lolote. Harmen akasimama.

"Sisikii tofauti," alisema, akiwageukia wote. "Nimejidai miaka yote hii. Sisikii."

Hakuna aliyecheka. Nyuma ya kitambaa Wietske alishika waya wa mama yake, akijua jinsi sentensi ile ilivyo nzito kuitoa mdomoni, mbele ya watu wale.

Nje mvua ilikuwa inanyesha. Harmen alikuwa ameshika baiskeli yake, hajui aende au abaki.

"Ungeweza kudanganya," Wietske alisema. "Hata mimi ningekusaidia."

"Moyoni ningejua kwamba nimedanganya, mpenzi."

Wietske akamtazama Harmen, uso wake uliolowa, masikio yake mekundu kwa baridi.

"Basi nioe," akasema.

Baiskeli ikamponyoka Harmen, ikaanguka barabarani kwa kishindo. Hakuna aliyeinama kuiokota.