Ninapokasirika, Nacheka

Maiti ya msimamizi Abraham ilikutwa asubuhi nyuma ya marobota ya katani, katika chumba cha brashi, panaposafishwa na kufungwa katani, cha shamba moja la mkonge upande wa Ngombezi. Alikuwa amelala kifudifudi, kisogo kimepondeka. Damu ilikuwa imegandia kwenye nyuzi zilizotapakaa sakafuni.

Inspekta Mbaruku Mhina alichuchumaa, akatazama bila kugusa kitu. Alikuwa Mzigua wa Handeni, mtu mpole, mwenye tabia ya kuwaacha watu waongee mpaka waishiwe. Njia hiyo haikuwa ya haraka, na wakubwa wake hawakuipenda, lakini ilimlipa.

"Nani kamwona kwanza?" aliuliza.

"Faraji, yule mkata mkonge," alijibu Rosina, mama anayepanga katani kwa madaraja. "Tulimkuta kamkumbatia msimamizi, shati lote damu."

"Walikuwa na ugomvi?"

"Jana tu, afande. Msimamizi alimkatalia mzigo wake, kasema majani mafupi. Faraji akamwambia, 'Ipo siku utanitambua.' Tulisikia wote."

Faraji alipelekwa kituoni Korogwe. Alikuwa kijana mkimya, na ukimya ni mzigo mbaya kwa mtu aliyekutwa na damu shatini.

"Ulimtisha marehemu?"

"Nilisema kwa hasira."

"Hiyo damu?"

"Nilimwinua. Nilidhani mzima."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani na mke wangu."

"Nani mwingine alikuona?"

Faraji aliinamisha kichwa. "Hakuna, afande."

Mkewe, Swaumu, alikuwa kwenye benchi la nje, tumbo limeshashuka. Alimshika Mhina mkono wa shati bila kuomba radhi.

"Afande, huyu mtoto atazaliwa wakati wowote. Nitamwambia baba yake yuko wapi?"

Swali hilo lilimuuma Mhina. Kesi ya mauaji haina dhamana. Akishafunguliwa shitaka, Faraji angeweza kukaa mahabusu mpaka mtoto huyo aanze shule.

Ripoti ya daktari ilizidi kumkosesha raha. Marehemu alipigwa mara moja, kwa kitu kizito na butu. Faraji alikuwa na kisu cha kukatia mkonge kiunoni, na kisu hicho hakikuwa na hata tone la damu. Mtu mwenye hasira na kisu kiunoni haendi kutafuta kitu kingine cha kupigia.

"Shati lina damu, tishio lina mashahidi," alisema mkuu wake. "Unataka nini tena, Mhina? Akupigie magoti? Ijumaa jalada linakwenda kwa mwanasheria wa serikali."

Hata hivyo mkuu hakuwa mtu wa kubahatisha. Yeye mwenyewe alimwita Joyceline, mwanasaikolojia kutoka Tanga, aje aipime nafsi ya mtuhumiwa. Joyceline alifika siku iliyofuata mazishi ya Abraham, na mkoba wa kadi begani. Mwanamke mfupi, mchangamfu, asiyeogopa cheo cha mtu.

Alianza na Faraji. Alimwekea mezani kadi zenye madoa ya wino, yale yasiyofanana na kitu chochote.

"Hapa unaona nini?"

"Kisu."

"Na hapa?"

"Damu. Na majani yaliyokatwa."

Mkuu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitoka akitabasamu. Joyceline alimfuata hadi ukumbini.

"Usifurahi mapema, mkuu. Kinyozi ningemwonyesha doa lile angeona nywele. Mtu huleta kwenye doa kile anachoshinda nacho. Niletee wengine wa kazi yake na wa shamba lile nilinganishe. Bila kulinganisha hii ni ramli, na ramli hamkuwa na haja ya kuniita mimi. Waganga si mnao hapa hapa?"

Mkuu alicheka, akakubali. Waliletwa wakata mkonge wengine wawili, na wote waliona visu. Rosina aliona vitita vya katani na mbuzi mwenye ndevu. Wa mwisho alikuwa mzee Awadhi, fundi wa mashine ya kufunga marobota, Mzigua anayejulikana kambi nzima ya wafanyakazi kwa mizaha.

Joyceline aliyaacha madoa, akatoa kadi ya mchoro, ile ile aliyowaonyesha wenzake. Watu wawili chumbani, mmoja amesimama, mwingine ameketi. Nyuso zao zilikuwa zimefifishwa kwa makusudi ili msimuliaji azijaze mwenyewe.

"Nisimulie, mzee. Kuna nini hapa?"

"Huyu aliyesimama anacheka," alisema Awadhi.

"Anacheka nini?"

"Anamcheka huyu aliyekaa."

"Na aliyekaa anajisikiaje?"

"Hana ruhusa ya kujisikia."

Kadi ya pili ilikuwa na mwanamke mlangoni, basi. Awadhi akasema mama huyo amesikia watu wanacheka ndani, kwa hiyo anaogopa kuingia. Joyceline akafunga mkoba.

"Sasa nitaanza sentensi, wewe umalizie lolote linalokujia. Kazi yangu..."

"Inanilisha."

"Mama yangu..."

"Alikuwa mpishi hodari."

"Ninapokasirika..."

"Nacheka," alisema Awadhi. Wala hakucheka.

Mzee alipoondoka, Joyceline alimgeukia Mhina, aliyekuwa amekaa pembeni muda wote.

"Wote niliowaonyesha zile kadi, hakuna mwingine aliyeona kicheko. Mmoja aliona mgonjwa, mwingine aliona mwalimu na mwanafunzi. Huyu kila picha ina mtu anacheka na mwingine anaumia. Huu si ushahidi, Inspekta. Hakimu atautupa, na atakuwa sawa."

"Sasa unanisaidia nini?"

"Nakuonyesha pa kuuliza. Halafu ipo njia ya pili, nayo haitaki kadi. Unamtazama mtu anavyotenda, kisha unamlinganisha na yeye mwenyewe wa siku zote. Awadhi wa siku zote yukoje?"

"Mtani," alisema Mhina. "Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani, na kambi ile imejaa wajukuu wa Wanyamwezi walioletwa kukata mkonge. Abraham alikuwa mmoja wao."

Hapo kumbukumbu ilimjia Mhina. Alihudhuria mazishi ya Abraham, kama wapelelezi wanavyohudhuria mazishi ya watu wasiowajua. Jambo lilipita mbele ya macho yake, akaliacha lipite.

Msibani, mtani ana kazi yake. Huvaa nguo za marehemu, hutembea kama marehemu, huwakaripia wafiwa kwa sauti ya marehemu. Watu waliovimba macho hujikuta wanacheka, na kwa kucheka wanapata nguvu ya kuzika. Kazi hiyo Awadhi aliifanya katika kila msiba wa Kinyamwezi pale kambini. Siku ya Abraham alichukua chepeo, akatupia udongo, akaondoka.

"Rosina alimuuliza, mtani leo umepatwa na nini," alisema Mhina. "Akajibu koo linauma. Nikadhani ni majonzi."

"Huenda ni majonzi kweli," alisema Joyceline. "Kaulize."

Mhina alimkuta Rosina akikung'uta katani.

"Mama, msiba wa mwisho uliowakutanisha Awadhi na Abraham ulikuwa upi?"

"Wa Mustapha, mwanawe Awadhi. Yule aliyeliwa na korona mwaka jana."

Korona ni ile mashine inayochuna majani ya mkonge na kuacha nyuzi. Ikishika mkono haitofautishi mkono na jani.

"Alizikwa hapa?"

"Kwao, Handeni. Abraham ndiye aliyekwenda kufanya utani."

Asubuhi yake Mhina alikwenda Handeni. Mama mzazi wa Mustapha, Maryamu, alikuwa uani akipukuchua mahindi. Alikuwa amebaki kijijini kuangalia shamba wakati mumewe yuko kazini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Habari za Korogwe?"

"Nzuri kiasi. Mama, nimekuja kukuuliza habari ngumu. Utani wa Abraham kwenye msiba wa Mustapha."

Maryamu hakushangaa. Aliendelea kupukuchua.

"Alimwigiza vizuri. Alivaa koti la mwanangu, akatembea kama yeye, tukacheka na machozi yetu. Halafu akaigiza alivyokufa. Akanyoosha mkono hivi, akapiga kelele, 'Zima! Mjomba Abraham, zima!' Watu wakacheka tena. Baba Mustapha alicheka kidogo, akaacha."

"Kwenye uchunguzi wa ajali, Abraham alisema nini?"

"Alikuja hapa mwenyewe kutueleza. Alisema yeye alikuwa nje, mbali na swichi. Alipofika mtoto ameshakata roho. Alisema hakuwahi hata kutamka neno, tusiumie, hakuteseka."

"Sasa maneno yale aliyatoa wapi?"

Mikono ya Maryamu ilitulia juu ya gunzi.

"Huenda aliyatunga, mwanangu. Watani wanatunga. Nilimuuliza mume wangu vivyo hivyo. Akaniambia, Mama Mustapha, mtani hakasirikiwi. Tangu siku ile hajala vizuri nyumbani humu."

Mhina alirudi Korogwe akiwa na uchovu uliozidi safari yenyewe. Alijua sasa, na hakufurahi kujua. Aliagiza Awadhi aletwe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nakuhoji kuhusu kifo cha Abraham. Hulazimiki kusema lolote, na utakalosema nitaliandika, laweza kutumika mahakamani. Unayo haki ya kukaa kimya."

"Nimekaa kimya mwaka mzima," alisema Awadhi. "Uliza."

"Kwa nini hukumfanyia Abraham utani makaburini?"

"Ningemwigizaje? Mtani huigiza mtu alivyoishi na alivyokufa. Ningeigiza anavyokufa, mimi? Nilichukua kofia yake niivae, mikono ikakataa."

"Ulimpiga kwa kitu gani?"

"Chuma cha kukazia marobota. Kiko kwenye shimo la makapi ya mkonge, nyuma ya korona."

Mhina alimnong'oneza askari aliyesimama mlangoni, naye akatoka mbio. Kabla mahojiano hayajaisha simu ilikuja kutoka shambani. Chuma kimefukuliwa, kina nywele na damu, kinapelekwa maabara.

"Ulijua Faraji yuko mahabusu?"

"Nilijua."

"Na mkewe anakaribia kujifungua?"

"Nilimwona hapo kwenye benchi siku nilipokuja kuonyeshwa picha. Nikapita." Awadhi alijifuta uso kwa kiganja. "Hilo ndilo linalonitia aibu, mwanangu. Lile la Abraham bado sijui linanitia nini. Mwachieni kijana."

"Ataachiwa. Lakini nieleze. Ulikwenda pale kumuua?"

"Nilikwenda kumuuliza. Mwaka mzima nalala na maneno yale. Nilikuwa najiambia, katunga. Kesho yake najiambia, kasikia. Kama kasikia, basi alikuwa kwenye swichi, na mwanangu alimwita kwa jina. Na ningemuuliza vipi? Mtani anaulizwa kitu kama hicho? Kila nikimkaribia, yeye anaanza mzaha, na mimi nacheka. Ndiyo ada yetu. Babu zetu walicheka hivyo, baba zetu hivyo hivyo."

"Siku ile ikawaje?"

"Jioni, wenzetu wameondoka, yeye anakagua marobota. Nikamwambia, Abraham, leo weka utani chini. Leo si mtani anayekuuliza, ni baba wa Mustapha. Mwanangu alikuita?"

"Akajibu?"

"Akacheka. Akasema, 'We Mzigua, tangu lini mtani akanuna?' Nikamuuliza mara ya pili. Inspekta, wallahi, angesema ndiyo, ningekwenda zangu kulia. Angesema hapana, katunga, ningemshika mkono tukaenda kunywa chai. Nilitaka neno moja tu."

"Akasema nini?"

Awadhi alitazama ukuta. Kalamu ya Mhina ilikuwa imesimama juu ya karatasi.

"Akanyoosha mkono," alisema mzee. "Akaigiza tena. 'Zima! Mjomba Abraham, zima!' Kwa sauti ile ile ya mwanangu. Halafu akageuka kuhesabu marobota, bado anacheka. Chuma kilikuwa karibu."

Mhina aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa, kisha akamsomea mzee maelezo yote kuanzia mwanzo. Awadhi alitia dole gumba.

"Na wewe unaonaje?" aliuliza. "Alisikia au alitunga?"

"Sijui, mzee."

"Basi wa kunijibu ndiye niliyemuua."

Faraji alifunguliwa alasiri hiyo hiyo. Alirudishiwa mkanda na viatu, na akaambiwa tu kwamba kosa limepata mwenyewe. Ukumbini, akiwa amemshika Swaumu mkono ili asiteleze kwenye ngazi, alikutana na mzee Awadhi akipelekwa kwa mlinzi wa amani, yule hakimu anayeandika maungamo, kurudia maelezo yake. Pingu zilikuwa zimefunikwa na kanzu, hazikuonekana.

"Shikamoo, mzee," alisema Faraji. "Na wewe wamekusumbua? Pole sana."

Awadhi alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu wamtoe shambani, alilia. Faraji alibaki amesimama, hajui amekosea nini, mpaka mkewe alipomvuta taratibu wakatoka nje.