Bibi wa Shamba la Madoriani

Kama kuna neno alilotoka nalo Ranyam mjini ambalo mama mkwe wake hakulivumilia, ni asante. Miaka ya kuosha vyombo hotelini ilikuwa imemzoesha. Ukimpa maji, asante. Ukimpisha mlangoni, asante.

"We mwana, unanipimia nilichokupa?" mama mkwe huyo, Kerinah, alimfokea siku alipomgawia kipande cha samaki. "Ulidhani nitakunyima? Mtu wa nyumbani anakula, ananyamaza. Asante kampe mwenye duka!"

Watu wakacheka, na Ranyam mwenyewe akacheka. Wasemai, watu wa msitu ule, ndivyo walivyo. Anayekutwa anakula, anagawa. Anayegawiwa, anapokea. Hakuna wa kumshukuru mwenzake, kama vile mdomo usivyoushukuru mkono.

Jioni moja upepo ulikuwa umevuma tangu mchana, na madoriani yaliyoanguka yasipookotwa mapema, nguruwe mwitu huyamaliza. Alang, mume wake, alikuwa bado mtoni na nyavu. Ranyam akamfunga binti yake Uda kifuani, akajitwika kikapu, akashika njia ya msituni kwenda shamba la madoriani. Jua lilikuwa linaelekea kuzama.

Alinusa moshi kabla hajafika.

Moshi... na nyama.

Chini ya mti mkubwa kuliko yote alikuwa ameketi bibi kizee, anageuza juu ya moto kipande cha mwanzi kilichojazwa nyama. Mtu mwenye akili zake hakai pale msimu wa madoriani. Tunda zito lenye miiba likikushukia utosini, ni maziko. Ranyam hakumjua bibi yule, lakini mabega yale, na namna ile ya kuinamisha shingo, alikuwa ameviona kwa watu wa kwao.

"Umechelewa," bibi alinong'ona. "Kaa ule."

Puu!

Doriani lilianguka karibu na goti lake. Bibi hakupepesa hata kope.

Ranyam alitamani kugeuka arudi. Lakini kukataa chakula ulichokaribishwa ni kujiitia chui milia njiani, hilo alilijua tangu utotoni. Akapokea, akala. Nyama ilikuwa laini, ya moto, tamu kupita kiasi. Bibi akachovya kidole kwenye mafuta, akampaka Uda mdomoni. Mtoto akalamba, akacheka.

Kile kidole kilikuwa baridi. Ranyam alikihisi kilipompita kifuani. Akainuka, na woga ukamtoa neno alilozoea.

"Asante, bibi."

Wadudu wakanyamaza. Wote. Kwa pamoja.

"Umesema nini?"

"Nime... nimeshukuru tu."

"Kumbe mimi ni mgeni." Sauti haikuwa na hasira. Ilikuwa na huzuni, na hiyo ndiyo iliyomtisha Ranyam zaidi. "Miaka yote hii nawalisha, kumbe mnapima. Haya. Wageni hulipana. Nipe na mimi."

Ranyam akamsogezea kikapu. Bibi hakukitazama.

"Nimetoa nyama, mjukuu wangu. Toa nyama."

Macho yake yalikuwa kwa Uda.

Ranyam alitimua mbio. Kikapu alikiacha, viatu aliviacha. Nyuma yake hakusikia kishindo cha miguu, lakini ile harufu ya nyama haikupungua hata alipovuka kijito.

Kerinah alimsikiliza kwa mkono mdomoni.

"Ukamshukuru? Mama yangu weee! Huyo amemlisha hata bibi yangu mzaa mama!"

"Kwani ni nani, mama?"

"Usiniulize. Rudi sasa hivi, kabla kiza hakijaingia. Mnyang'anye nyama mkononi, ule kama mtoto aliyedekezwa. Mdomo ufungue kwa kutafuna tu. Mtoto huyu niachie mimi."

Ranyam akarudi. Bibi alikuwa palepale. Ranyam akaketi, akaupokonya ule mwanzi, akala. Alikula mafuta yakimchuruzika mpaka viwikoni, machozi yakimwagikia nyama, na hakusema kitu. Bibi alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akacheka kidogo.

"Eeh. Huyu ni wangu."

Wadudu wakaanza kulia tena.

Nyumbani alimkuta Uda amelala salama mapajani mwa Kerinah. Ranyam alilia kwa furaha, na Alang aliporudi akamtania kwamba njaa ndiyo iliyomfanya aote ndoto za mchana.

Lakini ndugu haombi. Ndugu huchukua.

Kesho yake jua lilipozama, mkeka wa Uda ulikuwa mtupu. Walimtafuta kwa mayowe mpaka sauti zikakauka, na Alang hakutania tena. Kisha mlango ukasukumwa polepole, na mikono miwili mikavu ikamwingiza mtoto ndani. Mdomo wake uling'aa mafuta.

Alang alitaka kuweka komeo. Kerinah akamshika mkono.

"Utamnyima bibi mjukuu wake? Unataka awe mgeni tena?"

Ikawa hivyo kila machweo. Walihamia kwa kaka yake Alang, kule mto unakoteremkia. Harufu ya nyama ikawatangulia. Ranyam alikaa kizingitini roho mkononi, na kila mara mtoto aliporudishwa, shukrani ilimpanda kooni kwa nguvu hata ikamuuma. Alitaka kupiga magoti. Aliuma nguo yake mpaka meno yakauma, akaimeza ile shukrani.

Uda alinenepa. Titi la mama akalikataa.

Kisha ikaja jioni ambayo mikono ile ilichelewa. Kiza kilishatanda ilipochomoza mlangoni. Ranyam akampokea mwanawe, akamkumbatia kwa nguvu zake zote. Mtoto akajikaza, akamsukuma kifua, akageukia nje kwenye kiza, akanyoosha mikono yake miwili. Alikuwa hajawahi kutamka neno tangu azaliwe.

"Mama!" aliita, akilia. "Mama!"